GS 1200 ya 2014: naijaribuje kabla ya kununua, na nianze kufunga nini kwa safari ya watu wawili?

Njiro_Mpaka_Mbeya

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimepata BMW R1200GS ya mwaka 2014, hii yenye rejeta, siyo ile ya zamani ya kupozwa kwa upepo na oili. Dashibodi inasoma kilomita 58,000. Ina ESA (shokapu zinazorekebishwa kwa umeme), rimu za spoku na stendi ya kati. Haina boksi, haina bampa, kioo cha mbele ni kile kile cha kiwandani. Muuzaji yuko hapa hapa Arusha na ameniruhusu kukaa nayo kwa muda wa saa tatu Jumamosi asubuhi.

Matumizi ni ya watu wawili. Mimi nina kilo 88 na urefu wa sentimita 170, mama watoto ana kilo 66. Mwezi wa saba tunataka kwenda Mbeya kwa kupitia Babati, Kondoa, Dodoma na Iringa. Karibu yote ni lami, ila hatutaki kuogopa kuchepuka kwenye vumbi tukijisikia.

Maswali yangu ni mawili. Saa tatu hizo nizitumieje, nipite wapi na nikague nini ambacho fundi wa boda hatakijua? Halafu nikishaichukua, hela ya kuifunga vitu si nyingi: nianze na boksi za alumini, bampa, taa au kiti? Kuna jamaa anasisitiza nianze na ekzosi. Na urefu wa kiti unanitia wasiwasi kidogo.

Boxer_Kimya

Mkuu, mpigie muuzaji kabla hujatoka nyumbani umwombe asiiwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye vichwa vya silinda, kulia na kushoto. Ukikuta vya moto, umeshapoteza nafasi ya kusikia injini ikiamka baridi, na hapo ndipo inasema ukweli. Rudi siku nyingine.

Ikiwaka inaweza kutoa moshi wa bluu kwa sekunde chache. Hilo lisikutishe. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni inalalia kushoto, oili inajikusanya kwenye silinda ya upande huo, na ukiwasha inaungua. Ubaya ni moshi unaoendelea baada ya dakika moja, au unaorudi kila ukiachia mafuta kwenye mteremko mrefu.

Sasa kuhusu hizo kilomita 58,000. Hiyo ndiyo namba muhimu kuliko zote ulizoandika. BMW walishaelekeza kwamba propela shafti ya GS hizi za rejeta, yaani chuma kinachozungusha gurudumu la nyuma badala ya mnyororo, ibadilishwe kila kilomita 60,000. Sababu ni maji: mpira unaofunika maungio kati ya mkono wa nyuma na difu ukikaa vibaya, maji ya mvua na ya kuoshea yanaingia, yanakaa humo, na viungo vya krosi vinaota kutu. Kiungo kikishaganda, shafti inaweza kukatika ukiwa barabarani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji: imebadilishwa? Lini? Karatasi iko wapi? Kama haijabadilishwa, mpe wakala wa BMW namba ya chasisi aiangalie kwenye mfumo kabla hujalipa, maana kazi hiyo ilitolewa kama huduma ya mtengenezaji na inawezekana bado inaisubiri.

Kukagua mwenyewe: iweke kwenye stendi ya kati, gia huru, zungusha gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono. Lizunguke laini mwanzo hadi mwisho. Ukisikia sehemu moja inakaza halafu inaachia, kila mzunguko mahali pale pale, kiungo kimeanza kuganda. Weka gia ya kwanza, tikisa gurudumu mbele na nyuma: uchezaji kidogo ni wa kawaida, ila mlio mkavu wa chuma kugonga chuma siyo wa kawaida. Kisha vuta ukingo wa chini wa ule mpira kwa kidole. Maji yenye rangi ya kutu yakidondoka, umeshapata hoja ya kushusha bei.

Kwa kuwa uko chini pale pale: shika gurudumu la nyuma juu na chini, litikise. Fanya hivyo kabla ya kutoka na urudie mara tu ukirudi likiwa bado na joto, kwa sababu beringi ya difu iliyochoka mara nyingi hujificha ikiwa baridi. Difu yenyewe inabeba mililita 180 tu za oili. Oili ndogo hivyo haina akiba: ikivuja kidogo, meno yanaumia haraka. Sehemu ya ndani ya rimu ya nyuma iwe kavu, bila ukungu wa oili uliokamata vumbi.

Mbele kuna jambo moja la usalama. Mwaka 2017 BMW waliziita pikipiki hizi zirudi kwa ajili ya mirija ya foku, yaani ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu. Kizibo cha juu kilichoshindiliwa ndani ya mrija kinaweza kulegea baada ya kugonga shimo kubwa kwa nguvu, na dawa ilikuwa kuvalisha mirija vishikizo vya ziada. Ya 2014 imo kwenye kundi hilo. Uliza hilo pamoja na propela, kwa namba ile ile ya chasisi, simu moja tu.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata ikiwa nzuri lakini tairi lina miaka minane, hilo ni tairi la kutupa. Diski za breki zimechongwa unene wa mwisho kwenye chuma chenyewe, nenda na kipimo cha venia usibahatishe kwa jicho. Pitisha spana ndogo kwenye spoku zote, ziimbe sauti inayofanana. Inayotoa mlio mfu imelegea, na karibu yake kwa kawaida utakuta rimu imebonyea.

Kutembea nayo gawanya hivi. Nusu saa ya kwanza mjini, foleni na matuta, peke yako. Hapo unasikiliza gia na klachi. Gia ya kwanza kugonga "ko!" ukiiweka ni tabia yake, usiitoze bei. Iache ikisimama inaunguruma mpaka feni iwake. Isipowaka na joto linapanda, zima, hakuna mazungumzo. Harufu tamu tamu ni maji ya rejeta yanavuja mahali.

Kisha toka Dodoma Road, pita Kisongo, elekea Makuyuni. Mpaka Makuyuni ni kilomita kama 80, kwa hiyo geuza njiani muda usikuishie. Njia ni wazi, na ina upepo wa pembeni utakaoukuta tena mbele ya safari. Ukiwa gia ya tano kwenye 60, fungua mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukipanda na mwendo haupandi, klachi inateleza. Kwenye 100 legeza mikono bila kuiachia usukani: isivute upande. Acha ipungue yenyewe kutoka 80 hadi 50 ukiwa umeshika kilegevu. Usukani ukianza kutetemeka kushoto kulia, tafuta sababu kwa mpangilio huu: presha na hali ya tairi la mbele, balansi, beringi za usukani. Tairi ndiye mhalifu mara nyingi kuliko wote.

Breki ya mbele: kutoka 60, kamata kwa nguvu inayoongezeka. Lever ikipigapiga kidole, diski haziko sawa. Na usishangae pua isipozama kama pikipiki nyingine. Huo mfumo wa mbele unaitwa Telelever, umetengenezwa usizame. Wengi wakiupanda mara ya kwanza wanadhani shokapu ni ngumu au imekufa.

Saa ya mwisho, mchukue shemeji. Kumjaribu mke wa mtu kwa mara ya kwanza Kondoa siyo utaratibu.

Kilo_na_Gramu

Naunga mkono hilo la mwisho, na naongeza hesabu. Watu wanauliza "nifunge nini" kabla hawajauliza "nimebakiza kilo ngapi".

GS yako tupu, tangi limejaa, ni kilo 238 kwa karatasi za kiwandani. Uzito wa mwisho unaoruhusiwa, pamoja na watu na mzigo, ni 450. Tofauti ni 212. ESA na stendi ya kati vimeshakula kadhaa humo, lakini tuviache.

Wewe na helmeti, jaketi, suruali na buti: 97. Mama watoto na vyake: 73. Jumla 170, zimebaki 42. Boksi mbili za alumini na vyuma vyake vya kushikia ni kama kilo 15 zikiwa tupu. Zimebaki 27. Bampa za juu na chini pamoja na ngao nene ya alumini chini ya injini, weka 11. Zimebaki 16. Kilo 16 kwa watu wawili, ndani yake maji ya kunywa, spana, pampu, nguo na zile kandambili zisizokosekana. Umeshafika ukutani na hujafunga taa wala boksi la juu.

Kwa hiyo jibu langu ni tofauti na la watu wa picha nzuri. Kwa safari ya lami ya watu wawili nunua mabegi laini ya pembeni yasiyopitisha maji. Seti nzima na mikanda yake haizidi kilo 5 au 6. Ukianguka kwenye mchanga mguu haubanwi na kona ya alumini. Boksi gumu lina faida moja ya kweli, kufuli, na kama mnalala hotelini na begi mnaingia nalo chumbani, faida hiyo inapungua. Ukilazimika na boksi, boksi za kiwandani zina kikomo cha kilo 10 kila moja pembeni na kilo 5 tu la juu. Hiyo tano siyo uchoyo. Boksi la juu linakaa nyuma ya ekseli: kila kilo pale inashusha mkia na kuinyanyua pua, usukani unakuwa mwepesi, na kuanzia mwendo wa 110 pikipiki inaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Vitu vizito, kama spana na maji, viweke chini na mbele ndani ya begi, karibu na magoti ya abiria.

Sasa majaribio na abiria. Injini ikiwa inaunguruma na pikipiki imesimama, chagua kwenye ESA alama ya helmeti mbili. Utasikia mota ya shokapu ya nyuma ikifanya kazi kwa sekunde kadhaa na mkia utapanda. Usiposikia kitu, au dashibodi ikilalamika, shokapu hiyo ina tatizo na ni moja ya vipuri ghali kwenye pikipiki yote. Rudi helmeti moja, kisha tena mbili. Ifanye hivyo mara tatu.

Baada ya hapo pima kwa futi, usiamini alama. Iweke kwenye stendi ya kati gurudumu la nyuma likining'inia. Pima kutoka katikati ya ekseli wima hadi alama ya tepu uliyobandika kwenye mkia. Tuseme ni milimita 620. Ishushe, pandeni wote wawili na mavazi, mtu wa tatu apime tena. GS ya kawaida nyuma inaweza kubonyea milimita 200 kwa jumla. Mkibonyea 60 hadi 70, yaani theluthi, mko sawa. Mkibonyea 90 huku ESA ikiwa kwenye helmeti mbili, springi imechoka au ni laini kwa uzito wenu, na hapo ndipo hela yako ya kwanza inapotakiwa kwenda. Kabla ya bampa na taa.

Ekzosi? Itawaamsha mbwa wa Kondoa. Mbeya itakufikisha ile ile iliyopo.

Njiro_Mpaka_Mbeya

Aisee, hiyo hesabu ya kilo imenikata maini, nilishaanza kuangalia bei za boksi. Nashukuru sana wakuu.

Kwa hiyo bampa nisifunge kabisa? Injini hii imetoa masilinda nje pande zote mbili, nikiiangusha si ndiyo naipiga kichwa? Na kiti: nikikaa nagusa kwa vidole tu, siyo nyayo nzima. Kuna mtu ameniambia nikate sponji.

Boxer_Kimya

Bampa ya chini funga, ya juu iache kwa sasa. Ya chini inalinda vifuniko vya vali, ambavyo ndivyo vinavyogusa ardhi kwanza pikipiki ikianguka ikiwa haitembei. Ya juu inalinda rejeta na plastiki, ni nzuri, ila ni kilo nyingine tatu au nne na zote ziko juu.

Ukinunua, angalia inashika wapi. Bampa nzuri inashika sehemu tatu au zaidi kila upande na pande mbili zimeunganishwa kwa bomba chini ya injini, ili pigo ligawanyike. Ya rahisi inashika bolti moja kwenye bloku ya injini, na ukianguka inageuka kuwa wenzo: bampa inabaki nzima, sikio la injini linakatika. Wakati wa kufunga, ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, hata moja isikazwe. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, wa pili utakataa kuingia, fundi ataulazimisha kwa nyundo, na bomba litakaa limejikunja kwa nguvu ya springi miaka yote. Zote zikishaingia, kaza kwa zamu, tia gundi ya kuzuia bolti kulegea, ya bluu, siyo nyekundu, rudia kukaza baada ya kilomita 500.

Kitu kidogo chenye faida kubwa ambacho hukukitaja: wavu wa rejeta. Rejeta ziko mbili, kulia na kushoto, mapezi yake ni laini, na malori yanatupa kokoto. Gramu chache tu.

DadaWaSpoku

Kaka wa Njiro, sponji usikate bado.

Kiti cha dereva kwenye GS hiyo kina nafasi mbili, 850 na 870. Kukivua ni ufunguo tu, halafu unahamisha viegemeo vya mbele na vya nyuma. Watu wengi wanakuta kimewekwa juu na hawajui kama kinashuka. Angalia hilo kabla ya lolote. Pili, sentimita 170 kwenye 850 kugusa kwa sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili ni kawaida kabisa. Unachohitaji ni nyayo moja nzima: ukikaribia kusimama geuza nyonga kidogo kushoto, mguu wa kushoto ushuke, wa kulia ubaki kwenye breki. Ukisimama kwa breki ya mbele usukani ukiwa umekata kona, hata mtu wa sentimita 190 ataiangusha.

Sponji ikikatwa unapata sentimita mbili na unapoteza makalio baada ya kilomita 200, halafu magoti yanakunjwa zaidi. Kushusha shokapu ni kubaya zaidi: unapoteza nafasi ya kubonyea ambayo ndugu hapo juu amekuhesabia, na stendi ya pembeni inakuwa ndefu kupita kiasi, pikipiki inasimama wima na upepo unaiangusha.

Abiria: apande akikanyaga kikanyagio chake cha kushoto baada ya wewe kusema "panda", miguu yako yote iko chini na umeshika breki ya mbele. Kwenye majaribio muulize mambo matatu tu. Magoti yanauma? Anashika wapi ukifunga breki? Helmeti zenu zinagongana? Jibu la tatu likiwa ndiyo, shida si kiti, ni jinsi unavyoshika breki na kuachia mafuta.

Kioo cha mbele kijaribu kwa helmeti utakayosafiri nayo. Kwenye 90, kichwa kikitikisika na masikio yakipiga ngoma, inuka polepole mpaka upepo utulie. Ukitulia ukiinuka, kioo kinakutupia upepo uliovurugika usoni: kishushe kwa kile kifundo cha kuzungusha, au tafuta kifupi. Ukitulia ukiinama, kipandishe. Watu wananunua kioo kirefu kila mara, na nusu yao walihitaji kifupi.

Amp_na_Fyuzi

Nije kwenye umeme, kwa sababu ndiko mafundi wetu wanakoua hizi pikipiki kwa nia njema.

GS hii haina waya wa taa wa kawaida unaoweza kuung'oa ganda ukaunganisha. Kompyuta inapima mkondo kwenye kila njia. Ukiongeza mzigo pale, inadhani kuna shoti na inakata njia hiyo yote. Fundi anaona taa imezima, anatafuta fyuzi, hakuna fyuzi, anaanza kukata nyaya. Mwambie asiguse.

Taa za ziada zinatoka moja kwa moja kwenye betri. Mbili za LED za wati 20 kila moja ni wati 40, gawa kwa 12, ni ampea 3.3. Weka fyuzi ya ampea 5, isizidi sentimita 15 kutoka kichwa cha chanya, waya wa milimita 1.5 za mraba, kisha relei. Relei iamshwe na waya wa soketi ya vifaa, kwa kuwa koili yake haili hata nusu ampea na kompyuta haitalalamika. Soketi hiyo hujizima yenyewe muda mfupi baada ya kutoa ufunguo, kwa hiyo taa hazitabaki zinawaka usiku kucha. Hasi irudi kwenye betri, siyo kwenye bolti yoyote ya fremu uliyoiona karibu.

Jenereta ya injini hii ni wati 510. Ya zamani ya upepo ilikuwa na 720. Taa mbili, vishikio vya joto na chaji ya simu hazina shida. Usiniletee mablangeti ya umeme. Ila vishikio vya joto viache vifanye kazi, mwezi wa saba kuanzia Mafinga kwenda Makambako asubuhi vidole vitakushukuru.

Siku ya kujaribu nenda na mita. Kabla ya kuwasha, betri iliyopumzika isome 12.6 hadi 12.8. Ikiunguruma kwenye mizunguko 3,000, iwe 13.8 hadi 14.4. Ukiweza kumpata mtu mwenye kifaa cha GS-911, asome makosa yaliyohifadhiwa, ayafute, uendeshe, asome tena ukirudi. Makosa ya zamani hayana maana sana, betri ikishuka tu yanajaa. Yanayorudi ndani ya saa mbili ndiyo ya kweli.

Tairi_Moja_Akili_Mbili

Watu wote wametaja tairi kwa kupita. Saizi zako ni 120/70 R19 mbele na 170/60 R17 nyuma, na hizi hazipatikani duka la kona, kwa hiyo usiondoke na tairi la nyuma lililobakiza milimita 2 ukitumaini Dodoma. Kwa lami asilimia tisini chukua tairi la njia mbili lenye kashata za barabarani. Zile za vitalu vikubwa kama TKC 80 zinashika vumbi vizuri sana, ila mkiwa wawili na mzigo la nyuma linaisha haraka na kwenye lami linaimba. Heidenau K60 linadumu, lakini kwenye lami yenye mvua linahitaji adabu.

Presha ni bar 2.5 mbele na 2.9 nyuma, yaani psi 36 na 42 kwa kipimo cha vituoni, tairi likiwa baridi. Hapa kuna mtego. Kama ina vihisio vya presha, namba ya dashibodi imesahihishwa kwa joto la nyuzi 20. Tairi likiwa la moto, geji ya kituoni itasoma zaidi ya dashibodi. Mtu anaona 48 kwenye geji, anaogopa, anatoa upepo, na asubuhi anaamka na 36 nyuma. Ukitaka kulinganisha, linganisha alfajiri.

Spoku zake zimefungwa pembeni ya rimu, kwa hiyo tairi ni la bila tyubu. Pancha ya msumari unaiziba bila kuvua gurudumu: vijiti vya mpira, gundi, pampu ndogo ya 12V. Ila ukivua la nyuma, ni bolti tano za toksi (tundu la nyota) saizi T50, kaza kwa 60 Nm kwa zamu ya nyota. Beba hiyo T50, fundi wa njiani hana.

Njiro_Mpaka_Mbeya

Kwa hiyo mpangilio ni: propela na foku kwa namba ya chasisi, shokapu ipimwe tukiwa wawili, tairi, bampa ya chini na wavu wa rejeta, mabegi laini. Taa zikibaki na hela. T50 nimeshaiandika.

Swali dogo la mwisho: hiyo saa na mke, nipite lami tu au na vumbi?

Kilo_na_Gramu

Lami dakika arobaini, vumbi dakika kumi, mwendo wa 30. Kwenye vumbi kamata breki ya nyuma peke yake usikie ABS, mfumo unaozuia gurudumu kujifunga, ikigonga chini ya mguu. Na kabla hujamrudishia muuzaji, usiku au gizani ndani ya gereji, simamisha mita 5 kutoka ukutani mkiwa mmekaa wote, uone mwanga wa taa kubwa umepanda kiasi gani kuliko ukiwa peke yako. Ukipanda zaidi ya kiganja, shokapu haijawabeba, hata kama ESA inasema helmeti mbili.